Pesa ya safari ya Guangzhou: mwongozo kamili kutoka shilingi hadi yuan

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayefuata mzigo Guangzhou, China, kwa mara ya kwanza hujiandaa sana kwa mambo ya sokoni: bidhaa gani, soko lipi, bei ya jumla ikoje. Pesa yenyewe huiachia siku mbili za mwisho. Anatoa shilingi benki, anatafuta dola popote zilipo, anapanda ndege, na yuan, pesa ya China, atajua hukohuko. Kabla hajagusa hata sampuli ya kwanza, sehemu ya mtaji imeshaliwa na viwango vya kubadilishia, ada za kadi na makato ya benki. Na kwa kuwa imeliwa kidogo huku na kidogo kule, hakuna mahali inapoonekana.

Nimeandika hatua hizi ili ionekane. Nimemlenga anayetoka Tanzania, ila anayetokea Mombasa, Nairobi au Bujumbura atakuta hesabu ni ileile, abadilishe tu jina la sarafu yake. Viwango na bei za kwenye mifano ni vya kufundishia. Siku yako ikifika weka vya siku hiyo.

Hatua ya 1: Tenga pesa ya safari na pesa ya mzigo

Kabla ya kuuliza unahitaji dola ngapi, jiulize ni za kazi gani. Pesa ya safari ni ya kulala, kula, kuzunguka na kumlipa mkalimani. Pesa ya mzigo ni ya bidhaa. Ya kwanza ni ndogo, inatoka kila siku, na lazima uwe nayo mkononi. Ya pili ni kubwa, inatoka mara mbili au tatu, na hakuna sababu ya kuibeba mfukoni.

Ukizichanganya, siku ya sita utaona viatu vizuri uchote pesa ya hoteli. Siku ya tisa hoteli itakudai, utachota malipo ya kiwanda. Mzigo utabaki ghalani kwa Mchina ukisubiri salio, na wewe umesharudi Dar.

Kwa hiyo fungua akaunti ya dola. Benki nyingi za Tanzania huifungua kwa mtu binafsi na kwa kampuni. Pesa ya mzigo ikae humo, itoke kwa uhamisho wa benki tu. Pesa ya safari ndiyo utakayoondoka nayo, nusu taslimu na nusu kwenye kadi, au kwa mgawanyo nitakaoeleza mbele.

Kuna fungu la tatu ambalo wengi hulisahau: shilingi za mzigo ukifika bandarini. Chini ya Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, bidhaa nyingi zilizokamilika hutozwa asilimia 25, na zipo zinazotozwa asilimia 35 tangu Julai 2022. Ushuru huo huhesabiwa kwa thamani ya mzigo pamoja na bima na nauli ya meli. Halafu VAT ya asilimia 18 inahesabiwa juu ya jumla hiyo, ushuru ukiwa umo ndani, na bado kuna tozo nyingine ndogondogo. Ukitumia wakala anayechanganya mizigo ya watu wengi kwenye kontena moja, bei yake ya kila CBM (mita moja ya ujazo) mara nyingi imeshabeba ushuru. Mwulize waziwazi, na jibu lake ulipate kwa maandishi. Vyovyote iwavyo, fungu hili libaki shilingi. Kuligeuza dola leo ili uligeuze tena shilingi mwezi ujao ni kulipa mara mbili kwa kitu usichokihitaji.

Hatua ya 2: Andika bajeti kwa yuan, si kwa dola

Anza na kalenda, kwa sababu tarehe ndiyo inayopanga bei ya hoteli kuliko kitu kingine chochote. Maonyesho ya biashara ya Canton hufanyika mara mbili kwa mwaka jijini Guangzhou: kuanzia katikati ya Aprili hadi mwanzoni mwa Mei, na kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Novemba. Kama huendi kwenye maonyesho yenyewe, kwepa tarehe hizo, maana vyumba hupanda bei na vya bei nafuu hujaa mapema. Mwaka Mpya wa Kichina, unaoangukia Januari au Februari, ni mbaya zaidi kwa mnunuzi: viwanda hufungwa, wafanyakazi hurudi mikoani kwao, na masoko hukaa kimya kwa muda mrefu kuliko siku za sikukuu zenyewe. Wiki ya kwanza ya Oktoba nayo ni mapumziko ya taifa.

Tarehe zikishakaa, andika kila gharama ya huko kwa yuan. Watu huandika kwa dola kwa mazoea, lakini hoteli, chakula, treni na mkalimani wote wanalipwa yuan. Bajeti ya dola inaficha kiwango cha kubadilishia ndani yake, na hutajua kama umezidisha matumizi au umebadilisha pesa vibaya.

Huu ni mfano wa siku kumi za mtu mmoja anayelala hoteli ya kawaida mitaa ya Xiaobei, ambako Waafrika ni wengi na chakula cha halali hakitafutwi kwa tochi. Chumba yuan 260 kwa usiku, jumla 2,600. Chakula 110 kwa siku, jumla 1,100. Metro na teksi 40 kwa siku, jumla 400. Laini ya simu na bando 150. Mkalimani siku nne kwa 300, jumla 1,200. Treni au gari ya kwenda mji jirani wa Foshan, kama unafuata vigae au fanicha, weka 200 kwa safari mbili. Sampuli 500. Hapo tumefika yuan 6,150.

Ongeza asilimia 15 ya dharura, yuan 925 hivi, tuwe na 7,075. Halafu kuna amana ya hoteli. Hoteli nyingi za China huchukua amana siku unayoingia na kuirudisha siku unayotoka, tuseme 300. Si gharama, kwa kuwa utarudishiwa, lakini ni pesa usiyoweza kuigusa kwa siku kumi zote, na asiyeihesabu huanza safari na upungufu. Jumla ya kuwa nayo ni yuan 7,375.

Mkalimani nimempa siku nne kwa makusudi. Siku za kuzunguka masoko ya jumla, kama yale ya nguo na saa upande wa Zhanxi karibu na stesheni ya reli, au ya mabegi kule Guihuagang, kikokotoo cha simu kinatosha kupatana bei. Mkalimani anahitajika siku za kiwanda, siku za kuandikishana mkataba na siku ya kukagua mzigo.

Gharama za hapa nyumbani ziandike kwenye karatasi nyingine, kwa shilingi: tiketi, viza, bima, kitabu cha chanjo, pasipoti kama huna (ya Tanzania ni shilingi 150,000). Zisikae kwenye hesabu ya yuan.

Hatua ya 3: Tafuta bei yako ya yuan

Hapa ndipo nakuomba utulie, kwa sababu hatua nyingine zote zinasimama juu ya hii.

Shilingi yako haiendi moja kwa moja kuwa yuan. Inapita kwenye dola, na kila kituo kinakata chake. Kituo cha kwanza ni Dar. Benki ina bei mbili: inayokuuzia dola na inayonunua kwako. Tuseme inauza kwa 2,600 na kununua kwa 2,520. Ukinunua dola 1,000 asubuhi na kuzirudisha mchana, umetoa 2,600,000 na kupokea 2,520,000. Shilingi 80,000 zimekwenda na hujasafiri. Pengo hilo ndilo bei ya huduma, hata kama bango limeandika kwamba hakuna kamisheni. Ukitaka kujua benki ipi ni nafuu, angalia bei ya kuuza iko juu kiasi gani ya kiwango ambacho Benki Kuu ya Tanzania hukitangaza kila siku kwenye tovuti yake.

Kituo cha pili ni Guangzhou. Tuseme kiwango cha soko ni yuan 7.20 kwa dola. Benki ya mjini inakupa 7.12. Dirisha la uwanja wa ndege linakupa 6.70.

Sasa gawanya: shilingi ulizotoa kwa dola moja, kwa yuan ulizopata kwa dola hiyohiyo. 2,600 kugawa kwa 7.12 ni kama shilingi 365. 2,600 kugawa kwa 6.70 ni shilingi 388. Hiyo ndiyo bei yako ya yuan, na ndiyo namba moja ya kuandika kwa kalamu nyeusi ukurasa wa kwanza wa daftari. Kiwango cha kwenye Google si chako. Chako ni kile ulicholipia.

Angalia inavyofanya kazi sokoni. Begi la yuan 45 kwa 365 ni shilingi 16,425. Kwa 388 ni shilingi 17,460. Tofauti ni 1,035 kwa begi moja, na kwa mabegi 500 ni shilingi 517,500. Muuzaji hajapandisha chochote. Ni dirisha ulilochagua kubadilishia. Watu wanabishana nusu saa kupunguziwa yuan moja, nami siwalaumu, lakini mwenye kujua bei yake ya yuan ameshapata zaidi ya hiyo kabla hajafungua mdomo.

Turudi kwenye bajeti yetu. Yuan 7,375 kugawa kwa 7.12 ni karibu dola 1,036, sawa na shilingi milioni 2.7 hivi. Sasa unajua unakwenda kununua dola ngapi, na kwa nini ni hizo.

Hatua ya 4: Nunua dola mapema, na kwa mafungu

Wafanyabiashara wa zamani watakutajia maduka ya kubadilishia fedha ambayo hayapo tena. Operesheni za Novemba 2018 kule Arusha na Februari 2019 Dar es Salaam ziliyafunga mengi, masharti ya mtaji yakapandishwa, na biashara hiyo ikahamia zaidi kwenye benki. Kanuni zililegezwa mwaka 2023 na maduka yakaanza kurudi, kwa hiyo uliza yaliyopo sasa na uone leseni ukutani. Nairobi maduka haya ni mengi zaidi, na ushindani wake unasaidia kiwango.

Nenda na pasipoti, kitambulisho cha NIDA, tiketi na viza. Benki nyingi zitataka kuona kwamba kweli unasafiri. Na usiende siku ya mwisho. Mwaka 2023 dola ziliadimika nchini, mtu aliomba dola 1,000 akaambiwa arudi wiki ijayo. Hali imetulia tangu hapo, lakini benki bado inaweza kukosa noti siku unayozitaka wewe.

Kuhusu kusubiri bei ishuke, ushauri wangu ni mmoja: usicheze. Robo ya mwisho ya mwaka 2024 dola ilishuka kutoka zaidi ya shilingi 2,700 hadi karibu 2,400, kisha mwaka 2025 ikapanda tena. Aliyenunua zote Oktoba aliumia, na aliyesubiri ishuke zaidi baada ya Desemba naye aliumia. Gawa mahitaji yako mafungu matatu, nunua moja kila wiki mbili kuanzia wiki sita kabla ya safari. Hutapata bei nzuri kuliko zote wala mbaya kuliko zote, na kwa mtaji mdogo hilo ndilo unalolihitaji.

Noti zenyewe zina adabu yake. Dai za dola 100, kwa sababu noti ndogo hubadilishwa kwa kiwango cha chini ukizirudisha. Dai zenye utepe wa bluu, zilizoanza kutoka Oktoba 2013. Zile za kichwa kidogo bado ni halali Marekani, ila huku na huko Guangzhou utahangaika nazo. Kagua moja moja mbele ya karani: isiyo na mchaniko, muhuri wa wino wala maandishi ya kalamu. Ukishatoka dirishani hakuna wa kukubadilishia. Risiti itunze pamoja na pasipoti.

Yuan kidogo za kuanzia, kama 500, ni vizuri kuwa nazo mkononi ukitua usiku. Uliza benki yako au mtu wa karibu aliyerudi na masalio. Zikikosekana, badilisha dola 50 tu uwanjani, nyingine zisubiri benki ya mjini.

Jambo jingine la hapa nyumbani: tangu tarehe 28 Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei au kudai malipo ya bidhaa na huduma kwa fedha za kigeni ndani ya Tanzania, isipokuwa kwa mambo machache yaliyotajwa. Wakala wa tiketi au wa mizigo akikutajia dola, mwombe bei ya shilingi. Usichome dola zako za safari kwa gharama inayopaswa kulipwa shilingi.

Hatua ya 5: Jua mipaka ya kubeba taslimu

Ukitoka Tanzania na dola 10,000 au zaidi, au fedha nyingine za thamani hiyo, unatakiwa kutoa tamko forodhani. Kenya nayo hutumia kiwango cha dola 10,000. Wengi wakishajua hilo hudhani wako salama na dola 8,000 mfukoni. China kikomo ni dola 5,000: ukiingia na zaidi ya hapo, pita mlango mwekundu wa forodha na ujaze fomu. Yuan zenyewe haziruhusiwi kuvuka mpaka zaidi ya 20,000 kwa mtu mmoja. Ukipita Dubai na kutoka nje ya uwanja, tamko huanzia dirhamu 60,000.

Kutoa tamko si kutozwa kodi, na fomu ile inakulinda: ukitaka kutoka na dola zilizobaki, ndiyo ushahidi kwamba uliingia nazo. Asiyejaza hana cha kuonyesha. Ila ukifuata Hatua ya 1 hutafika huko, maana dola 1,036 hazimshtui mtu.

Hatua ya 6: Kadi, simu, na Alipay kabla ya kupanda ndege

China watu wanalipa kwa kuskani msimbo kwa simu. Sheria inawakataza wenye maduka kukataa noti za yuan, lakini mama wa tambi mwenye kibanda hana chenji, na dereva naye hana. Lazima uwe na programu ya malipo, Alipay au WeChat Pay, kwenye simu, na vyote viwili tangu Julai 2023 vinakubali kadi za Visa na Mastercard za nje kwa urahisi kuliko zamani.

Fanya haya ukiwa bado nyumbani, wiki mbili kabla. Pakua programu zote mbili, piga picha pasipoti kama zinavyotaka, unganisha kadi. WeChat inaweza kukuomba mtu mwenye akaunti ya siku nyingi askani kukudhamini, na mtu huyo ni rahisi kumpata Kariakoo kuliko uwanja wa ndege. Piga simu benki, waambie wafungue kadi kwa matumizi ya nje, na waulize kikomo cha siku ni kiasi gani.

Halafu laini ya simu. Benki ikituma namba ya uthibitisho kwa SMS, itaituma kwenye laini yako ya Tanzania. Kama hujaiwezesha kufanya kazi nje ya nchi, kadi itakwama ukiwa umesimama kwenye kaunta na watu nyuma yako. Washa huduma hiyo, na uweke salio. Tena, WhatsApp na Google hazifunguki kwa intaneti ya kawaida ya China, basi aliye nyumbani anayekusaidia na mambo ya benki mkubaliane mapema mtaongea kwa njia gani.

Ada ziko hivi. Kwa kadi ya nje, malipo ya hadi yuan 200 hayana ada ya Alipay wala WeChat. Yakizidi 200, unatozwa asilimia 3 ya malipo yote. Chakula cha yuan 35 hakina ada, chumba cha yuan 600 kinakula 18 zaidi. Juu ya hapo benki yako ina makato yake ya malipo ya nje, waulize ni asilimia ngapi. Kadi ya akaunti ya shilingi itapita kwenye ubadilishaji wa shilingi pia. Kadi iliyofungwa kwenye akaunti ya dola inaruka kituo hicho. Zipo benki za Tanzania zinazotoa kadi za UnionPay, mtandao wa kadi wa China, na kwenye ATM za China kadi hiyo haihangaiki.

Kutokana na hayo, mgawanyo ninaoupenda ni theluthi mbili taslimu na theluthi kwenye kadi. Vitu vidogo vya kila siku skani. Hoteli, mkalimani na chochote kinachozidi yuan 200 lipa kwa noti ulizobadilisha benki. Mashine yoyote ikikuuliza ulipie kwa yuan au kwa dola, chagua yuan, kwa sababu ukichagua dola mwenye mashine ndiye anayejipangia kiwango.

Hatua ya 7: Pesa ya mzigo iende kwa TT (uhamisho wa benki)

Utaratibu wa kawaida wa viwanda ni asilimia 30 mwanzo na asilimia 70 kabla ya mzigo kupakiwa. Yote mawili yalipwe benki kwa benki, kwa akaunti ya kampuni, jina lilelile lililo kwenye invoisi. Benki yako itataka invoisi ya profoma (ya awali, kabla ya mzigo kutoka), na mzigo ukishafika itataka nyaraka za forodha, basi zitunze.

Kwenye fomu ya TT kuna sehemu ya nani analipa ada: OUR (unalipa wewe), SHA (mnagawana) au BEN (analipa mpokeaji). Ukichagua SHA, benki za katikati hukata chao njiani, na mwenye kiwanda anapokea pungufu. Dola 25 zilizopungua zinatosha kumfanya azuie mzigo. Kwa malipo ya salio chagua OUR, ada yote iwe kwako, na uihesabu. Uliza pia kama benki inatuma yuan moja kwa moja. Kama inatuma, linganisha bei yako ya yuan kwa njia zote mbili kabla ya kusaini.

Hapa kuna hatari ambayo watu hawaioni. Kati ya asilimia 30 na asilimia 70 zinapita wiki nne, sita, pengine zaidi. Mzigo wa dola 10,000 una salio la 7,000. Shilingi ikitoka 2,600 hadi 2,700 katikati hapo, salio limepanda kwa shilingi 700,000 na bei ya kuuzia umeshawaahidi wateja. Dawa yake ni kununua dola za salio siku ileile unayolipa ile asilimia 30 na kuziacha kwenye akaunti ya dola. Kama mtaji hautoshi kununua zote siku hiyo, oda yako ni kubwa mno kwa mtaji ulio nao. Punguza oda.

Ukipokea ujumbe kwamba kiwanda kimebadilisha akaunti ya benki, usilipe. Wezi huingia kwenye barua pepe za wauzaji na kutuma invoisi inayofanana kila kitu isipokuwa namba ya akaunti. Mpigie mwenye kiwanda kwa video, uone uso wake, akusomee namba hiyo kwa mdomo.

Hatua ya 8: Siku ya kwanza Guangzhou

Nenda benki na pasipoti, asubuhi, badilisha nusu ya dola zako. Nusu nyingine ibaki dola mpaka uione safari inavyokwenda. Dai risiti ya kubadilishia, utaihitaji mwishoni. Kisha fanya hesabu ya Hatua ya 3 upya kwa kiwango ulichopata, ufute namba ya makisio daftarini.

Noti bandia za yuan 100 zipo. Gusa kola ya Mao iliyo kwenye noti, inakwaruza kidogo. Inua kwenye mwanga uone sura yake ndani ya karatasi. Mchezo wa zamani wa teksi ni dereva kupokea 100 yako, kuigeuza chini ya kiti na kukurudishia bandia akisema hiyo yako haifai. Lipa kwa noti za 10 na 20, au skani.

Kila usiku andika yuan zilizotoka. Siku ya nne linganisha na bajeti. Umezidisha? Bado una siku sita za kurekebisha.

Yuan za mkono kwa mkono

Utakutana na mtu, mara nyingi mwenzetu kabisa anayeongea Kiswahili kizuri, atakayesema: mpe ndugu yangu shilingi Kariakoo, mimi nikupe yuan hapa. Kiwango chake kitakuwa kizuri kuliko cha benki. Wengi wamefanya na yakapita salama, na ndiyo maana ni vigumu kumkatalia.

Nakusihi ukatae, hasa kwa pesa ya mzigo. Kubadilisha fedha nje ya taasisi zenye kibali ni kosa kwa sheria za China, na mgeni hana wa kumtetea. Kubwa zaidi ni kutojua yuan hizo zimetoka wapi. Polisi wa China hufungia akaunti zilizopokea pesa yenye uhusiano na utapeli, na wafanyabiashara wa Yiwu, mji mwingine wa masoko ya jumla, wameteseka sana na hilo. Ukimwelekeza mtu huyo amlipe muuzaji wako moja kwa moja na pesa ikawa chafu, akaunti itakayofungwa ni ya muuzaji. Yeye atakudai upya, mzigo hautatoka, na shilingi zako zimeshapokelewa na ndugu wa mtu Kariakoo bila karatasi yoyote. Asilimia moja au mbili unazookoa haziwezi kubeba hasara ya namna hiyo.

Hatua ya 9: Siku mbili za mwisho

Hesabu yuan zilizobaki kabla hujalipia hoteli, na uidai amana yako kwa utulivu, si dakika teksi inakusubiri. Zikibaki zaidi ya 500, zirudishe dola benki ya mjini kwa risiti ile ya mwanzo, kwa sababu Dar es Salaam yuan hununuliwa kwa bei ya chini sana au hazinunuliwi kabisa. Chini ya hapo zibaki kwa safari ijayo, ziwe zile 500 za kutua nazo.

Ukifika nyumbani, jumlisha shilingi zote ulizotoa kwa ajili ya yuan na dola, pamoja na ada za TT na makato ya kadi yaliyo kwenye taarifa ya benki, ugawe kwa yuan ulizozitumia kweli, za safari na za mzigo. Utapata bei halisi ya yuan ya safari nzima, na karibu kila mara itakuwa juu ya ile ya siku ya kwanza. Hiyo ndiyo ya kupangia bei ya bidhaa dukani. Gharama ya safari yenyewe igawe kwa idadi ya bidhaa na uiongeze kwenye kila moja, pamoja na nauli ya meli na ushuru, kabla hujaweka faida.